Uzinduzi wa Ghala la Siku Tisini

(Kumbukumbu kamili ya hotuba ya Kaimu Mkurugenzi wa Idara ya Uhamisho na Hifadhi ya Vyombo, iliyotolewa katika uwanja wa nyuma wa ofisi, mbele ya uzio wa mabati wenye mlango mmoja mpya uliofungwa utepe. Hafla ilipangwa kuanza saa tatu asubuhi; mheshimiwa alishika kipaza sauti saa sita na robo. Meza kuu ilikuwa chini ya hema la kukodi. Watumishi walikuwa chini ya mawingu. Imeandikwa na karani wa kumbukumbu, neno kwa neno, kama alivyoagizwa.)

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa mgeni rasmi. Waheshimiwa wakuu wa idara, makaimu wakuu wa idara, na nyinyi mnaokaimu nafasi za makaimu. Ndugu mwenyekiti wa kamati ya maandalizi na ndugu mwenyekiti wa kamati ndogo ya kuisimamia kamati ya maandalizi. Viongozi wa dini mliotuombea, ingawa nikitazama juu naona mliombea mvua kwa bidii kuliko mradi. Mhasibu wangu, asante kwa maji, weka hapo, si hapo, hapo. Wadau, washirika, majirani wa mradi, mabibi na mabwana. Na watumishi wa kada mbalimbali mliohamishwa, mnaotarajiwa kuhamishwa, na mliohamishwa mkarudishwa mlikotoka kwa makosa ya uchapaji, itifaki imezingatiwa na nyote mpo ndani yake. (Makofi ya meza kuu.)

Nimesimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, na kuhusu unyenyekevu wangu tayari mmemsikia mshereheshaji, kwa hiyo sitarudia zaidi ya kusema kwamba yote aliyoyasema ni kweli na mengine aliyasahau. Leo idara yangu inaandika historia kwa wino usiofutika, kwa sababu leo tunazindua Ghala Kuu Jumuishi la Kisasa la Hifadhi ya Muda ya Vyombo vya Nyumbani vya Watumishi Waliohamishwa, ambalo kwa ufupi, ili msichoke, tutaliita Ghala Kuu Jumuishi la Kisasa la Hifadhi ya Muda ya Vyombo vya Nyumbani. (Makofi. Mwalimu mmoja wa hesabu anapiga miayo, anajifunika mdomo kwa barua yake ya uhamisho.)

Ndugu zangu, tusijisahaulishe tulikotoka. Kabla ya uongozi wangu mtumishi akihamishwa alikuwa anateseka kama mtu asiye na mwajiri. Anafika kituo kipya na vyombo vyake, anakuta nyumba aliyopangiwa bado ina mwenzake, kwa kuwa mwenzake naye anakohamia bado kuna mwenzake, na huyo wa mwisho kabisa amegoma kutoka kwa sababu ana kuku watatu wanaatamia. Vyombo vinabaki barazani, godoro linaota ukungu, kochi linazaa panya. Ndipo idara yangu, baada ya vikao kumi na saba, viwili kati ya hivyo vikiwa na ajenda, ikabuni fremuweki ya kimkakati ya logistiki jumuishi, kwamba serikali sasa itabeba gharama ya kuhifadhi vyombo vya mtumishi mpaka apate pa kukaa. Lakini kwa kikomo. Naomba neno hilo mlishike vizuri, kwa sababu ukimpa mtumishi hifadhi bila kikomo, kesho atamleta na shangazi yake ahifadhiwe. (Kicheko cha meza kuu. Ngurumo upande wa milimani.) Na huyo ambaye simu yake inanguruma, azime.

Kikomo cha kwanza ni uzito. Kila mtumishi atahifadhiwa kilo mia nane na si zaidi, awe na watoto sita au asiwe na hata paka. Kiwango hiki hatukukiokota barabarani, bali kimetokana na utafiti wa kina ambapo mtaalamu wetu mwelekezi alipima vyombo vya nyumba moja, ambayo ni yake, naye hajaoa. Kikomo cha pili ni aina ya vyombo. Kwa mujibu wa mwongozo, chombo cha nyumbani ni kile kinachokaliwa, kinacholaliwa, kinachopikiwa au kinachotazamwa, na kitu chochote kisichoangukia humo, hata kama unakipenda namna gani, hicho ni mzigo wako binafsi na dhamira yako. Kikomo cha tatu, na hapa ndipo wengi watanikumbuka nikishastaafu, ni siku tisini. Tisini tu. Siku ya tisini na moja mtumishi anatakiwa awe ameondoa vyombo vyake, ama awe ameomba nyongeza kwa fomu maalumu, inayopatikana ndani ya ghala, dirisha namba tatu.

Na msidhani nasema tu kwa kuwa nina kipaza sauti. Uchungu wa kuhamishwa naujua vizuri. Mwaka juzi nilihamishwa kutoka ghorofa ya pili kwenda ghorofa ya nne, nikalazimika kubadilisha na nyumba kwa ajili ya hadhi, na vyombo vyangu vikakosa pa kukaa. Nilijiandikia barua nikijiomba kibali maalumu, nikajihoji kwa ukali bila kujionea haya, na baada ya kujiridhisha nikajikubalia, ndiyo maana vyombo vile vipo katika ukumbi wetu wa mikutano kwa mwezi wa kumi na nne sasa, na ndiyo maana leo tumekutana nje, kwenye hewa safi. Huko ndiko kuongoza kwa mfano. (Makofi machache. Sauti kutoka nyuma: "Sisi tungepewa huo mfano tungeshukuru.")

Samahani kidogo. Naona kuna ndugu amepanda juu ya lori pale kando ya uzio. Ndugu dereva, shuka. (Dereva wa lori, akiwa juu ya mzigo: "Mheshimiwa, nafunga turubai. Mvua hiyo haiko mbali.") Ndugu yangu, mvua ni suala la idara nyingine. Itifaki hairuhusu mtu kusimama juu kuliko meza kuu. (Dereva anachuchumaa. Baada ya muda anainuka tena taratibu, anatazama upande wa pili wa mabati, anatazama kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Kisha anamwinamia mwanamke aliyesimama chini: "Mama Daftari, uliniambia ghala liko hapa hapa?")

(Kwa ajili ya kumbukumbu: mwanamke huyo ni mkunga wa zahanati, na huu ni uhamisho wake wa tano. Wenzake humwita Mama Daftari kwa sababu kila mtoto aliyempokea kwa mikono yake, kwa miaka ishirini na miwili, amemwandika: siku, uzito, jina la mama, na kama alilia mara moja au alisubiriwa. Madaftari yote yamo katika maboksi manne ya karatasi, nyuma kabisa ya lori, mahali ambapo turubai halifiki.)

Mama, naona umenyoosha mkono, ingawa maswali yana muda wake kwenye ratiba na muda wenyewe tumeufuta. Haya, sema. (Mama Daftari: "Samahani mheshimiwa, mimi sina neno na hotuba. Naomba tu wakati unaendelea, sisi tushushe maboksi tuyaweke ndani. Nyumba niliyopewa bado ina mtu, nimepanga kitanda kwa mwenzangu, na lori nimelikodi mpaka saa saba.") Mama yangu, nimekusikia na nimeguswa. Watumishi wa aina yako ndio roho ya utumishi. Lakini ghala haliwezi kufunguliwa mpaka utepe ukatwe, utepe hukatwa na mgeni rasmi, mgeni rasmi amemtuma mwakilishi, mwakilishi amemtuma huyu mheshimiwa hapa, na barua ya huyu mheshimiwa inamruhusu kushika mkasi tu. (Mwakilishi wa mwakilishi anauinua mkasi, watu wauone.) Na katika maboksi hayo kuna nini? ("Madaftari yangu ya kazi. Ya watoto.") Aa, hapo mama unanipa mtihani. Daftari halikaliwi. Halilaliwi. Halipikiwi. Tunabakiwa na kutazamwa. ("Mimi huyatazama," anasema Mama Daftari.) Kwa kutazamwa mwongozo unamaanisha runinga, mama. (Hakuna anayecheka. Hata mhasibu anatazama viatu vyake.)

Tuendelee, tusichepuke. Nataka niwape takwimu, kwa sababu mtu anayeongoza bila takwimu anaongoza kwa kupapasa. Hadi kufikia leo, mradi huu umekamilika kwa asilimia mia moja. Hati ya kukamilika niliisaini mwenyewe, kwa kalamu hii, siku tisini na moja zilizopita, saa chache kabla mwaka wa fedha haujafungwa, maana fedha ikirudi hazina hairudi tena kwetu. Katika dodoso tulilolisambaza, asilimia tisini na nane ya watumishi wameridhishwa sana na huduma za ghala, na asilimia mbili zilizobaki ni karatasi zilizomwagikiwa chai. Usalama wa ghala uko juu sana: tangu likamilike, halijaibiwa kijiko. Halijavuja. Halijaingia panya hata mmoja. Dashibodi yetu ya kidijitali inaonyesha kijani kuanzia juu mpaka chini, na nikiyatazama mataifa mengine, sitaki kuyataja, yanatuonea gere. (Makofi. Tone la kwanza la mvua linaangukia kipaza sauti, ukingoni mwa hema.)

Mwalimu, na wewe una nini? (Mwalimu wa hesabu: "Mheshimiwa, nilitaka kufahamu tu. Hizo siku tisini zinaanza kuhesabiwa lini?") Swali zuri, la kimkakati. Kifungu cha nne kinasema waziwazi: tangu ghala linapokamilika. (Mwalimu: "Na limekamilika siku tisini na moja zilizopita. Basi siku zetu zimekwisha jana.")

(Mheshimiwa anafunika kipaza sauti kwa kiganja, anamwinamia msaidizi wake. Msaidizi anahesabu kwa vidole, anafika mwisho wa vidole, anaanza upya. Wanakubaliana jambo.)

Ndugu watumishi, mwalimu amesema kweli, na nampongeza, na nitamkumbuka katika uhamisho ujao. Ni kweli kabisa kwamba muda wenu wa hifadhi umekwisha jana alasiri saa tisa na nusu, na hili badala ya kutuvunja moyo litutie fahari, kwa kuwa sijui ghala jingine lolote lililowahi kuwamalizia wateja wake wote muda kabla ya kupokea hata stuli moja. Huo ndio ufanisi. Kwa hiyo hafla ya leo inakuwa ya uzinduzi na ya makabidhiano kwa wakati mmoja, na tumeokoa gharama ya hema la pili. Kwa mujibu wa kifungu cha tisa, kila mtumishi anaagizwa kuondoa vyombo vyake ghalani kabla ya saa saba, atie saini kwamba ameviondoa salama, na vitakavyobaki vitahesabiwa kuwa vimetelekezwa na vitakuwa mali ya idara. (Mama Daftari: "Niviondoe wapi, mheshimiwa? Viko kwenye lori.") Umeona, mama? Wewe umeshamaliza. Wengine waige mfano wako.

(Mama Daftari alikaa kwenye ngazi ya lori kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba asiyoitarajia. Karani anaandika hili ingawa hakuna aliyelisema: ilimuuma.)

Wanaotaka nyongeza ya siku, mlango wangu uko wazi, ila fomu iko dirisha namba tatu ndani ya ghala, na ghala, kama nilivyoeleza, linasubiri utepe. Hapa lazima nigusie suala la mvua, kwa kuwa naona imeanza na baadhi yenu mnaitumia kama kisingizio cha kutonisikiliza. Mwongozo umeliona hilo mapema. Chombo kilicholowa kitapimwa kama kilivyo. Godoro lililonyonya maji likizidisha uzito, kilo za ziada ni za mtumishi, kwani si serikali iliyomlowesha. Kwa hiyo nawashauri, kama baba, msiruhusu magodoro yenu yanyonye maji hovyo.

(Mvua imeshika kasi. Dereva amevua koti lake, amelitupia juu ya maboksi. Sauti kadhaa kwa pamoja: "Tufungulie ukumbi.") Ukumbi umejaa. ("Umejaa nini?") Umejaa vitu vya kiofisi. (Mwalimu: "Makochi yako.") Mwalimu, kochi la mkurugenzi ni la kiofisi hata likiwa na maua. Naomba utulivu. Naomba mrudi kwenye nafasi zenu. Ndugu zangu, hilo ni hema la meza kuu, hilo lina itifaki yake, hatuwezi...

(Hapa karani aliacha kuandika kwa dakika nne. Alikuwa amebeba boksi.)

...kabati hilo lisiniegemee, tafadhali. Nani ameweka sufuria kwenye kiti cha mheshimiwa? Haya. Haya. Kwa kuwa nina kurasa kumi na moja na karatasi zimegandana, niruhusuni nihitimishe kwa shukrani, maana mtu asiyeshukuru hakulelewa. Kwanza, namshukuru fundi seremala, aliyetutengenezea mlango ule mzuri wenye komeo la shaba, akaufunga katika uzio kwa ustadi ambao kila mpita njia anausifia. Pili, nawashukuru mafundi mabati, ambao uzio wao umekuwa mrefu kiasi kwamba mpaka leo asubuhi hakuna mtumishi aliyepata usumbufu wa kuchungulia. Nakushukuru sana kijana mchoraji, uliyechora ghala kwenye jalada la ripoti kwa ubora ambao wakaguzi waliona hakuna haja ya kusafiri. Na kwa namna ya pekee namshukuru jirani yetu mwenye mbuzi, yuko wapi, yule pale, ambaye mbuzi wake kwa miaka mitatu mfululizo wamekuwa wakipunguza majani ndani ya ghala bila malipo, wakiingia kwa pande zote tatu ambazo hazina mabati, na bila wao leo hii pale nyuma pangekuwa msitu na tungeaibika mbele ya wageni.

(Dereva, kwa sauti ya kawaida: "Ndicho nilichokiona. Mbuzi saba, na kigingi kimoja." Mwenye mbuzi anainua mkono, anasahihisha: "Wanane. Mmoja huwa analala.")

Sasa mwitikie nami, kwa sauti, ili hata huko juu wasikie. Vyombo vya mtumishi! (Hakuna anayeitikia.) Hapo mnasema: Viko salama! Tena. Vyombo vya mtumishi! (Mhasibu, peke yake: "Viko salama.") Kikomo ni siku ngapi? (Mhasibu: "Tisini.") Zimebaki ngapi? (Mhasibu anamtazama msaidizi.) Basi, inatosha, ujumbe umefika.

(Chini ya hema sasa kuna vitanda viwili, kabati moja, magodoro manne, meza ya mwalimu, maboksi manne na watu kiasi cha hamsini. Mama Daftari amefungua boksi la kwanza, anafuta jalada moja moja kwa upindo wa khanga yake. Moja limelowa pembeni. Analisoma kwa midomo bila sauti, anahakikisha majina yapo, anaanza kulia, halafu anaona aibu na anacheka. Mwenye hema, aliyekuja na gari lake kulichukua, amesimama mvuani anatazama. "Mama," anasema, "usihangaike. Hema liache likae hapa mpaka nyumba yako ipatikane. Mimi harusi ya karibu sina." Mama Daftari anamwuliza ajaze fomu gani. Mwenye hema hamwelewi.)

Mmesikia? Mmeona matunda ya ushirikiano kati ya serikali na sekta binafsi? Karani, andika. Mimi, kwa mamlaka niliyokabidhiwa, natamka kwamba kuanzia dakika hii hema hili ndilo Ghala Kuu Jumuishi la Kisasa, na ninalifungua rasmi. Limejaa kwa asilimia mia moja siku ya kwanza. Nawashukuru wote kwa kunisikiliza. Na kwa kuwa sasa hili ni ghala na si hema, kifungu cha pili kinakataza binadamu yeyote kukaa pamoja na vyombo vilivyohifadhiwa, hivyo naagiza watu wote watoke nje mara moja.

(Hakuna aliyesogea. Mama Daftari aliweka daftari juu ya magoti, akamtazama mheshimiwa kwa upole, kama anavyowatazama waume wanaoingia chumba cha kujifungulia bila kubisha hodi.

"Sawa, mheshimiwa," akasema. "Tangulia."

Mkasi ukaondolewa mikononi mwa mwakilishi wa mwakilishi, asije akaumia katika msongamano. Watu wakapisha njia. Mheshimiwa alitoka akiwa ameshika kurasa zake kumi na moja juu ya kichwa, na kumbukumbu hizi zimefungwa saa saba na dakika mbili.)